Ukimya wa Mbuthia

Mke wa mwanangu anaitwa Wahu, na nikisema kwamba mwanzoni sikumpenda nitakuwa najipunguzia makosa. Nilimdharau. Alikuwa msichana wa mapokezi katika hoteli moja ya katikati ya jiji, anayejua kuwatabasamia wageni na kushika simu mbili kwa wakati mmoja, na siku mwanangu Mungai alipomleta hapa Kinoo nilizitazama kucha zake nikajiambia, huyu hata viazi vya watu watano hawezi kumenya. Aliweza. Siku tulipomzika mume wangu alimenya gunia zima akiwa na mimba ya miezi mitano, na hakuomba kiti.

Naandika habari zake kwa sababu watu wa huku wanamjua tu kama yule mama anayecheza na mtoto wake barabarani, na kwa sababu jambo lililomuumiza kuliko yote maishani lilitoka mdomoni mwangu. Mimi naitwa Mwihaki. Nina miaka sitini na tisa, ploti ya vyumba nane niliyoachiwa na mume wangu, na ulimi ambao hata kanisani wanaujua. Sitajitetea. Lakini pia sitaki mtu mwingine anisimulie, maana atatia chumvi mahali pasipohitaji.

Mume wangu aliitwa Mbuthia. Alikuwa fundi wa mabomba, na alikuwa mkimya kupita kiasi. Vijana wa steji walikuwa wakisema kwamba ukimsalimia mzee Mbuthia Jumatatu, jibu utalipata Jumatano. Nilikaa naye miaka arobaini na mmoja. Yeye alitengeneza mabomba, na mimi niliongea kwa niaba ya wote wawili. Alipokufa kelele za nyumbani hazikupungua hata kidogo, kwa kuwa zote zilikuwa zangu. Na bado kila asubuhi niliamka nikaiona nyumba ni tupu, nikashindwa kuelewa ni nini hasa kilichoondoka.

Miezi minne baada ya mazishi Wahu alijifungua mtoto wa kiume. Sisi Wakikuyu mvulana wa kwanza hupewa jina la babu yake mzaa baba, kwa hiyo hapakuwa na mjadala. Kanisani aliitwa Jeremy, nyumbani akaitwa Mbuthia. Na kwetu jina haliji peke yake. Mtoto akishapewa jina la mtu, tunamtafuta yule mtu ndani yake: anatembea vipi, anakasirikaje, anapenda chakula gani. Bibi humwita mjukuu wake mume, humtania, humwuliza mbona harudi nyumbani mapema, humnyima ndizi akimwambia leo hujaleta kitu. Ni mchezo, lakini ni mchezo ambao watu wazima tunauamini kuliko tunavyokubali mbele ya mchungaji. Mimi nilikuwa mjane wa miezi minne. Waliponiwekea mtoto mapajani nilimwambia, "Mume wangu, umechelewa," na wanawake waliokuja na uji wakacheka mpaka wakafuta machozi. Mimi sikucheka sana.

Akiwa na miezi tisa aliugua homa ya uti wa mgongo. Alilazwa majuma mawili, na Wahu alilala majuma mawili kwenye kiti cha plastiki. Alitoka akiwa hai, na tulimshukuru Mungu, kwa sababu wawili wa wodi ile hawakutoka. Kabla ya kuugua mtoto alikuwa ameanza zile kelele zao, ta-ta-ta, ba-ba-ba, kutwa nzima, akigonga kijiko sakafuni. Alirudi bila hata moja. Alitulia mapajani mwangu akanitazama usoni kwa macho makubwa, na mimi, Mungu anisamehe, nilifurahi. Nilimwambia Wahu, "Umeona? Sasa ndiye. Mzee amefika."

Wahu alikuwa na karatasi ya kutoka hospitali. Ilisema mtoto arudishwe baada ya wiki nne apimwe masikio.

"Mami, wamesema turudi wapime maskio."

"Maskio ya nini? Mtoto amepona, sasa mnamtafutia ugonjwa mwingine?"

"Ni ile homa. Wamesema wakati mwingine inaharibu..."

"Wahu, mimi nimelea watoto wanne. Wewe umelea wangapi?"

Alikuwa na mmoja, tena wa miezi kumi. Akainamisha kichwa. Mungai alikuwepo, akinywa chai, na kwa mambo ya wanawake wawili wa nyumba moja yeye huwa hana maoni. Wahu aliikunja ile karatasi akaitia ndani ya Biblia yake, na wiki nne zikapita, na miezi minne ikapita.

Hoteli haikumngoja. Akabaki nyumbani na mtoto, na kwa kuwa hawakuwa na uwezo wa deikea wala wa kununua midoli, alianza kutafuta michezo ya bure. Mimi niliiita vituko. Niliamka nikawakuta uani na mabeseni mawili, moja lina maji na lingine tupu, na kazi ya mtoto ilikuwa kuyahamisha maji yote kwa kikombe mpaka beseni la pili lijae, kisha kuyarudisha yalikotoka.

"Anajenga nini?" niliuliza.

"Hajengi, Mami. Anazoesha mkono."

Nilicheka mpaka mpangaji wa chumba cha tatu akatoka nje kuangalia kuna nini. Lakini Wahu ana kichwa kigumu chini ya ile adabu yake. Siku ya githeri alimwaga mahindi na maharagwe kwenye sinia yakiwa yamechanganyika, mtoto ayatenganishe, na mtoto wa miaka miwili akayatenganisha, na maharagwe yaliyooza akayaweka kando bila kuambiwa. Soksi za baba yake alizipanga mbilimbili. Jua likipanda, Wahu alimsimamisha karibu na ukuta wa tangi la maji akachora kivuli chake kwa kipande cha makaa, kisha saa sita wakarudi kuona kivuli kimekimbilia wapi. Waliwafuata siafu kuanzia mlango wa jikoni hadi kwenye ua wa jirani, wakiwa wameinama wote wawili, matako juu, na wapita njia wakipunguza mwendo. Niliona aibu. Nilimwambia watu watasema mwanangu ameoa mwanamke asiye na kazi. Akaniambia, "Mami, hii ndio kazi." Wakati huo mume wangu mdogo alikuwa amemkamata siafu mmoja na ananiletea kwa vidole viwili.

Alasiri walipanda lile daraja la waenda kwa miguu juu ya Waiyaki Way wakatazama malori. Mtoto aliweka viganja vyote viwili na shavu moja kwenye chuma, akangoja, na trela kubwa lilipopita chini mwili wake wote ulifurahi. Wahu alidhani anapenda malori. Labda aliyapenda. Siku hizi tunajua kwamba alikuwa akisikiliza kwa njia pekee aliyokuwa nayo.

Na muda wote huo Wahu alikuwa akiongea. Mimi ambaye naitwa redio ya Kinoo nilikutana na mwenzangu. Alimtajia kila kitu alichokigusa, hiki kikombe, hiki chekundu, hiki kimevunjika. Alimtungia nyimbo, wimbo wa soksi, wimbo wa kunawa miguu, wimbo mrefu wa malori wenye rangi zote ndani yake. Mtoto alimkazia macho mdomoni bila kupepesa. Nami nilikuwa nikisema, "Mwone anavyoskiza. Mzee alikuwa hivyo hivyo."

Mtoto alipotimiza miaka miwili na nusu, Wahu alikuja jikoni kwangu akasimama kando ya jiko. Nilimwuliza anataka nini.

"Mami, Jeremy hajasema hata mama."

"Mbuthia alianza kuongea akiwa na miaka mitano. Mama mkwe wangu aliniambia mwenyewe."

Mama mkwe wangu hakuwahi kuniambia kitu kama hicho. Nilikitunga pale pale, mwiko ukiwa mkononi, kwa sababu uso wa Wahu ulinitia hofu. Ajabu ni kwamba baada ya wiki moja nilikuwa nakiamini. Niliwasimulia wanawake wa kanisa, wakatikisa vichwa kwa mshangao, na mmoja akasema damu haipotei.

Mungai ni dereva wa gari la kusambaza mikate. Siku moja ya Oktoba, mijakaranda ikiwa imechanua, aliwachukua Wahu na mtoto asubuhi akawashusha Loresho, atawapitia saa sita akirudi. Kule kuna vivuli na kando ya barabara kuna mahali pa kukanyaga, na maua yamejaa chini kila mahali. Mtu haulizwi kwa kuyaokota. Walikuwa wakiokota na kupanga mstari kwenye ukingo wa mtaro mbele ya geti moja. Mtoto alikuwa amechuchumaa, amelipa geti mgongo. Ghafla mbwa mkubwa akaruka kutoka ndani akibweka kama anayetaka kula chuma. Wahu alipiga ukelele akaangusha mfuko. Mtoto aliongeza ua moja kwenye mstari, akalinyoosha.

Mlinzi alitoka mbio kuomba msamaha. Anaitwa Kisilu, mtu wa makamo kutoka Machakos, nami nimekuja kumjua baadaye.

"Pole mama, pole sana. Imefungwa, haiwezi toka." Kisha akamtazama mtoto. "Huyu kijana anaskia?"

"Ni mkimya tu. Ako na jina ya guka yake, pia yeye alikuwa hivyo."

"Mimi siulizi kama anaongea, mama. Nauliza kama anaskia. Ndugu yangu ni kiziwi. Hawa watu nawajua vile wanakaa."

Alichomoa rundo la funguo kiunoni akaenda nyuma ya mtoto, akaushika mkono wake mbali ili kivuli kisionekane, akazitikisa funguo karibu na kisogo. Upande huu, kisha upande ule. Mtoto aliendelea na maua yake. Wahu aliniambia kwamba wakati huo magari yalikuwa yakipita na ndege wakilia, na yeye akayasikia yote hayo moja moja, kwa mara ya kwanza, na kila moja lilimchoma.

Jioni alinieleza. Sikumwacha amalize.

"Soja wa geti ndiye daktari siku hizi?"

"Mami, alitingisha funguo hapa, hapa karibu hivi."

"Mtu hata hajui mila zetu! Mtoto amezama kwa kazi yake, hana time ya funguo. Mzee angekuwa anafunga bomba, hata nyumba ingeungua angemaliza kwanza. Sasa mnataka kumfanya mume wangu kiziwi?"

"Si bwanako, Mami. Ni mtoto wangu."

Hakuwahi kunijibu hivyo kabla ya siku ile. Nilitoka nikafunga mlango kwa kishindo. Nilimwendea Mungai nikamwambia wakimpeleka mtoto kupimwa watakuwa wanatangazia Kinoo nzima kwamba jina la baba yake lina kasoro, na mwanangu, ambaye alimpenda baba yake na anaogopa machozi yangu, akasema basi tungoje mwaka uishe. Wahu angeweza kwenda bila sisi. Nimelifikiria sana hilo. Nadhani na yeye aliogopa, kwa sababu kabla hujapimwa bado una mtoto mkimya, na mtoto mkimya siku moja anaweza kuamka akaongea. Kwa majuma saba tulipikiana bila kuzungumza. Nilimsikia uani akiimba wimbo wa soksi kwa sauti ya juu zaidi kuliko zamani, anaurudia, anaurudia.

Jumapili ya pili ya Desemba Mungai alitaka kutupatanisha akatupeleka sote Uhuru Park. Ni bure, na nyasi ni nyingi. Wahu alikuwa amembebea mtoto kamba na vifuniko vya chupa. Mimi nilikaa pembeni nimenuna, shali mabegani. Mtoto aliacha vifuniko akatembea mpaka njia ya saruji inayoteremka, akasimama katikati akitazama watu waliokuwa chini kando ya bwawa, ametupa mgongo. Nikaona baiskeli. Kijana aliyeipanda alikuwa anateremka kwa kasi, anapiga kengele, anapaza sauti, "Njia! Njia!" Watu waliruka pembeni kushoto na kulia. Mtoto alisimama.

"Mbuthia!" nilipiga kelele. "Mbuthia wee!"

Sauti yangu ni ya kumwita mtu ng'ambo ya bonde. Watu waliokuwa kando ya maji walinigeukia. Mwanamke aliyekuwa akilisha mtoto mchanga alinigeukia, na mtoto mchanga akaacha kunyonya. Wangu hakugeuka. Kijana alipinda usukani akaangukia nyasi hatua moja kutoka kwake, gurudumu likizunguka, na hapo ndipo mtoto alipoliona, akacheka akipiga makofi, akidhani tumemletea mchezo mpya.

Miaka arobaini na mmoja. Mume wangu hakuwa msemaji, lakini hakuna siku hata moja niliyomwita asigeuke. Nilimwita akiwa juu ya paa na misumari mdomoni, akageuka. Nilimwita kutoka jikoni kwa sauti ya kawaida, yeye akiwa kwenye shimo la bomba huko nyuma, akaja. Siku ya mwisho alikuwa amefumba macho, daktari alikuwa ameshatuambia haelewi tena, nikamwita jina lake polepole, na akageuza kichwa kwenye mto. Hakuwa akisema kwa sababu alikuwa akinisikia mimi. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake katika ndoa yetu, naye aliifanya mpaka mwisho. Na mimi nilimchukua mtoto asiyesikia hata kengele, nikamvalisha mtu huyo.

Wahu alikuwa amemkumbatia mtoto kifuani. Nilimwambia, "Kesho." Hakuuliza kesho kuna nini.

Daktari aliitwa Sejal, mwanamke mdogo wa Kihindi aliyezaliwa Parklands, mwenye Kiswahili kisafi kuliko changu. Walimpa mtoto dawa ya usingizi wakambandika nyaya kichwani, na mashine ikamsikiliza badala yake. Ilichukua saa nzima. Daktari alipotoka alituketisha akatuambia kwamba masikio yote mawili hayapokei kitu. Akauliza kama mtoto aliwahi kuugua sana. Wahu alifungua Biblia akatoa ile karatasi.

Daktari aliisoma. Aliisoma tarehe mara mbili.

"Hapa waliandika mrudi baada ya wiki nne."

"Ndiyo," alisema Wahu.

"Mbona hamkurudi?"

Nilingoja. Nilikuwa nimekaa hatua moja kutoka kwake, nimeshika mkoba wangu kwa mikono miwili, na ningestahili kila neno. Mimi ningekuwa yeye ningeninyoshea kidole mbele ya daktari na mbele ya Mungai na mbele ya foleni yote ya nje.

"Nilidhani amepona," alisema.

Daktari alieleza polepole. Homa ile ikiingia ndani ya sikio, sehemu ya kusikia hukauka na kugeuka mfupa, na kwa watoto wengine huenda haraka. Kuna kifaa kinachoweza kupandikizwa mle ndani kikamsaidia mtoto kusikia, lakini ni lazima kipate nafasi ya kupita kabla mfupa haujafunga. Akasema wakati ule wa karatasi nafasi ilikuwa nzuri. Sasa wapige picha waone. Picha ilipigwa baada ya siku kumi, na tuliporudi hakuhitaji kutuambia, kwa sababu alifunga mlango kwanza na kuzima simu yake. Pande zote mbili zilikuwa zimefunga.

Mungai alienda kutafuta gari. Mimi na Wahu tulibaki kwenye ngazi za nje na mtoto amelala begani kwake. Alilia bila sauti kwa muda mrefu, kisha akaanza kuongea, akiangalia barabara.

"Ile wimbo ya soksi, Mami. Niliitunga mwenyewe. Nilikuwa nafikiria anaipenda." Akampandisha mtoto begani. "Alikuwa anaona tu mdomo. Inafunguka, inafunga. Miaka mbili."

Nilivua shali nikamfunika mtoto miguu.

Kwa wiki mbili uani palikuwa patupu. Wahu alimvisha mtoto, alimlisha, alimlaza, na hakumchezesha. Mtoto alimfuata akimvuta sketi, akimwonyesha mlango. Nilitaka kumtoa nje mimi mwenyewe, lakini nilikuwa sijui hata nitamwambiaje kwamba tunatoka. Kisha Kisilu, ambaye Wahu alimtafuta mpaka getini kwake kumwambia asante, akampa habari za darasa la lugha ya ishara, la bure, kila Jumamosi katika ukumbi wa kanisa moja karibu na Kangemi. Ndugu yake ndiye aliyekuwa akifundisha. Wahu alienda. Alirudi na ishara sita. Jumamosi iliyofuata akarudi na kumi na moja.

Nilijipanga siku tatu nikitafuta jinsi ya kumwomba msamaha. Nimewaombea watu wengi msamaha katika maisha yangu, wagomvi wa ploti, wanandoa, wazee wa kanisa. Wangu mwenyewe sikujua uanzie wapi. Asubuhi ya nne nilivuka ua nikasimama mlangoni kwake. Walikuwa ndani, wamekaa chini kwenye mkeka wakitazamana, katikati yao kuna ndizi moja. Wahu alikuwa amesimamisha kidole kimoja na kukimenya kwa mkono wa pili kama ndizi, tena na tena, polepole, na mtoto alikuwa ameinua mikono yake midogo hewani, anajaribu, vidole vinamkataa.

Nilisema yote. Nilisema habari ya karatasi, na habari ya mama mkwe wangu ambaye hakuniambia lolote, na ya funguo za Kisilu. Nilisema kwamba nilimtaka mume wangu arudi, na nilimtaka sana hata nikamwuza mtoto wa Wahu. Nilisema mpaka mwisho, na Wahu hakunitazama, kwa sababu ukiwa unaongea na Jeremy huwezi kuangalia kando. Ukiangalia kando umenyamaza.

Aliponijibu mikono yake haikusimama.

"Mami, wewe ulikuwa unatafuta mtu wako. Mimi wangu nilikuwa naye hapa mkononi, siku yote, kila siku, na sikumtafuta."

Nilitaka kumwambia si kweli. Nilitaka kumwambia kwamba hakuna mama aliyemtafuta mtoto wake kwa njia nyingi kuliko yeye, kwa maji na kwa maharagwe na kwa vivuli na kwa maua ya barabarani. Nilikuwa nimeshafungua mdomo.

"Sogea kidogo, Mami," alisema, bila ukali wowote. "Umesimama kwa mwanga. Haoni mikono yangu."

Nikasogea.